Mbwa Aliyeogopa Buti

Jina la nchi hii naliacha kwa heshima, kwa kuwa ni nchi yenye amani nyingi na haipendi kutajwatajwa. Inatosha mjue kwamba mwaka ambao mvua ziliwahi kuliko kawaida, walizuka huko wezi wa namna mpya. Hawakuja gizani kama wezi waliozoeleka. Walikuja mchana, kwa gari jeupe lisilo na namba, watu wanne wenye buti nyeusi zilizong'arishwa mpaka unajiona uso ndani yake. Buti hizo zilifanana sana na zile wanazogawiwa maafisa wa serikali, na gazeti la serikali lililieleza jambo hilo vizuri kabisa: wezi walikuwa wameiba pia buti.

Cha ajabu zaidi ni vile walivyochagua vya kuiba. Waliingia nyumbani kwa Gervasi Mchau, mpima ardhi, familia ikiwa mezani. Wakaipita televisheni. Wakaipita baiskeli mpya ya mkewe. Wakamchukua Gervasi mwenyewe, kijiko kikiwa bado mkononi.

Mkewe, Leokadia, alikwenda kituoni kutoa taarifa. Askari wa zamu alimsikiliza kwa huruma kubwa, kisha akataka kujua kama mali iliyoibwa ilikuwa na alama ya kuitambulisha. Leokadia akasema mumewe ana kovu kidevuni. Askari akauliza kama kuna risiti.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Anselimo Kitundu, mpiga tarumbeta wa Bendi ya Taifa. Anselimo alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye mashavu makubwa kuliko mwili kwa sababu ya kazi yake. Siku ile alisikia kiti kikianguka kwa jirani, akasikia buti sebuleni, akasikia mlango wa gari ukifungwa taratibu kama wa gari la harusi. Hakutoka. Alibaki amesimama nyuma ya pazia lake mwenyewe, akishika kitambaa kwa mikono miwili, na mkewe alipomkuta hapo baadaye ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja.

Alikuwa na sababu. Juma lililotangulia, yeye na Gervasi walikuwa wamekaa barazani wakinywa chai, na Gervasi akasema kwamba lile daraja jipya lililozinduliwa kwa shangwe halina mto chini yake. Alilipima yeye mwenyewe. Kila upande ni shamba la mihogo. Anselimo akanywa chai yake, akajibu, "Ni kweli."

Maneno mawili tu. Lakini tangu Gervasi achukuliwe, maneno hayo yalihamia tumboni mwa Anselimo na kuishi humo. Akila, yanapanda. Akipuliza tarumbeta, anaogopa yasije yakatoka nayo.

*

Serikali haikulala. Waziri wa Utulivu wa Majumbani, Mheshimiwa Profesa Daktari Ngurumo, alilihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "askari naye ni binadamu. Ana mke, ana watoto, ana usingizi wake. Si haki taifa zima kumwegemea. Kuanzia sasa, kila kaya itachagua mbwa wa ulinzi. Na asiwe kijibwa. Kijibwa ni dharau. Nataka mbwa mkubwa, mbwa mwenye kifua, mbwa ambaye ukimwona unamwamkia kwanza."

Kisha, kwa kuonyesha mfano, alimtembelea Leokadia pamoja na wapiga picha. Alimpa pole, akamkemea kidogo kwa upole kwa kumwacha mume bila mbwa, akamkabidhi mbwa wa kwanza wa mpango huo. Aliitwa Mwamba. Alikuwa mwekundu, kichwa kama sufuria ya msibani, na alipoingia uani alizunguka nyumba nzima mara moja, akarudi akaketi karibu na buti za waziri.

Jioni ile Anselimo alimfuata mkewe jikoni. Devota alikuwa mwanamke wa maneno machache, mshonaji, mwenye tabia ya kukutazama mpaka umalize ulichokianza. Binti yao, Koleta, alikuwa anachambua mchele mlangoni.

"Tuchague mbwa mkubwa kuliko wote," Anselimo alisema.

"Koleta anaogopa mbwa. Unajua aling'atwa."

"Tuchague hivyo hivyo, Mama Koleta."

Devota akaweka mwiko chini, akamtazama. Anselimo akavumilia kadiri alivyoweza, kisha akanong'ona habari ya daraja, na chai, na yale maneno mawili. Alitegemea mkewe angekasirika. Devota alikwenda kwanza kufunga dirisha, akarudi akaketi kwenye kigoda.

"Nani mwingine alisikia?"

"Hakuna. Mimi na yeye."

Lakini huyo "yeye" ndiye aliyekuwa mikononi mwa wale watu, na hakuna aliyejua anaulizwa nini huko aliko.

*

Siku ya uchaguzi wa mbwa, wakazi waliitwa uwanja wa maonyesho ya kilimo. Kwanza kulikuwa na semina, maana katika nchi ile hata kujikuna kulitanguliwa na semina. Mtoa mada alikuwa Afisa Mteule wa Mbegu za Mbwa, mama mmoja mnene mwenye kalamu tano mfukoni. Alieleza kwamba serikali imeandaa mbegu tatu, zote kubwa, zote zilizolelewa na kufunzwa katika mabanda ya taifa, na kwamba mwananchi yuko huru kabisa kuchagua.

Mbegu ya kwanza ni Ngome. Huyu ana manyoya mengi na sauti nzito, hubweka kwa kila kitu kinachopita. Anafaa familia yenye watoto. Ila anayemchagua Ngome ajue ataulizwa kwa nini anataka kujua nani anapita.

Mbegu ya pili ni Shoka. Huyu habweki. Ana taya pana, na akishaweka meno hayatoi mpaka aambiwe kwa maandishi. Anafaa nyumba yenye ua mpana. Ila anayemchagua Shoka ataulizwa anaficha nini.

Mbegu ya tatu ni Mzalendo. Habweki sana wala hang'ati sana. Sifa yake ni masikio. Hukaa ndani pamoja na familia, hupenda kulala sebuleni wakati wa mazungumzo, na kila mwisho wa mwezi hurudishwa bandani kwa siku moja kupumzika. Anayemchagua Mzalendo hataulizwa kitu.

Watu waliandika kwa bidii. Watu wengi waliandika neno moja, Mzalendo, wakapiga mstari chini.

Ndipo mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kofia ya majani, akanyoosha mkono. Aliuliza kwa adabu kabisa: kati ya mbegu hizo tatu, ni ipi inayomzuia mtu mwenye buti?

Hilo ndilo swali Anselimo alilokuja nalo, alilolirudia njiani kimoyomoyo huku akitafuta jinsi ya kulivalisha nguo. Mtoa mada alitabasamu, akasema ni swali zuri sana, litajibiwa baada ya chai.

Chai ikanywewa. Waliporudi, kiti cha mstari wa mbele kilikuwa kitupu. Juu yake kulikuwa na kikombe kilichojaa, kikitoa moshi, na andazi limeumwa mara moja. Mtoa mada akauliza kama kuna swali lolote lililobaki bila jibu. Hakukuwa na swali.

*

Baada ya hapo wakapelekwa kwenye mabanda. Mbwa walikuwa wamefungwa kwa minyororo, safu ndefu, wakubwa kama ndama. Kila familia ilipokaribia, mbwa walinyanyuka na kukoroma kwa ndani, ile sauti unayoisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Koleta alishika sketi ya mama yake kwa mikono yote, akatembea akiwa amefumba macho.

Anselimo alikuwa anatafuta taya. Alisimama mbele ya Shoka mmoja mweusi aliyekuwa na shingo kama gogo, akajiambia huyu, huyu ndiye. Devota akamvuta shati.

"Subiri. Tazama wakipita wale."

Maafisa watatu walikuwa wanapita kati ya mabanda wakikagua, buti zao zikilia kwenye kokoto. Kila walipopita, mbwa waliacha kukoroma. Masikio yalilala. Mikia ilianza kupigapiga mabati. Ngome, Shoka na Mzalendo, wote waliwanyooshea shingo kama watoto wanaomwona mama akirudi kutoka sokoni. Wakishapita, vichwa vikageuka tena kwa wananchi, na ule mkoromo ukarudi.

Anselimo akaona. Kumbe atamfunga mlangoni mbwa ambaye, siku watu wenye buti watakapokuja, atawafungulia.

"Hatuchukui," alinong'ona.

"Kutochukua ni kosa," Devota alimjibu bila kufungua midomo sana. "Waziri ametangaza redioni. Lazima tutoke hapa na mbwa."

Wakaendelea kutembea polepole, wakijifanya wanalinganisha. Walipofika mwisho kabisa wa safu, penye banda lililokuwa limeegemea choo, waliona mlima wa manyoya ya kijivu umejikunja kwenye kona, uso umetazama ukuta. Kibao kilisema: JABALI, MBEGU YA SHOKA. Alikuwa mkubwa kuliko wote waliowaona. Maafisa walipolikaribia banda, mlima ule ulianza kutikisika. Jabali alijaribu kuingiza kichwa chini ya bakuli lake la maji. Bakuli likakaa juu ya pua, maji yakammwagikia, na chini yake kikatokea kidimbwi kingine ambacho hakikuwa cha maji.

Maafisa wakacheka. Mmoja akapiga nondo za banda kwa teke, kwa mazoea, na Jabali akatoa mlio mwembamba ambao haukulingana kabisa na mwili ule.

Koleta alikuwa amefumbua macho. Aliutazama ule mgongo kwa muda mrefu.

"Baba," alisema, "huyu anaogopa kuliko mimi."

Kamati ya Kupatanisha Kaya na Mbwa haikuleta shida. Ilifurahi kumwondoa yule mwoga kwenye safu, na mwenyekiti alimsifu Anselimo kwa kuchagua kwa kutazama ukubwa, jambo ambalo ndilo sera ilisisitiza. Ilibidi Jabali abebwe kwenye mkokoteni. Njiani alilala chali, macho yametoka, na watu waliwapisha kwa heshima wakidhani ni ukali.

*

Kama mlinzi, Jabali alikuwa hasara. Aliogopa kuku wa Leokadia. Aliogopa mvuke wa chungu. Koleta alimlisha kwa siku kadhaa akiwa amesimama mbali, akimsukumia bakuli kwa fimbo ya ufagio, na mbwa naye alingoja mpaka mtoto aende ndipo asogee. Ikawa kama watu wawili waliogombana wanaokula kwa zamu. Kisha siku moja fimbo ikaachwa. Devota alirudi kutoka kwa mteja akakuta binti yake amekaa sakafuni, kichwa cha Jabali mapajani mwake, kizito mpaka miguu ya mtoto imekufa ganzi, na hakuna aliyetaka kusogea.

Siku waliyomfahamu sawasawa ilikuwa Alhamisi, mchana. Anselimo alikuwa anasafisha tarumbeta. Jabali alikuwa kizingitini, amelala. Akanyanyua kichwa. Hakukuwa na sauti yoyote, si gari, si mtu. Pua yake ikavuta hewa mara mbili, na mwili mzima ukaanza kutetemeka kuanzia mkiani. Akaenda mbio chumbani, akajisukuma chini ya kitanda mpaka kitanda kikanyanyuka upande mmoja.

Anselimo akamfuata, akimbembeleza, hajui kuna nini. Alikuwa bado amepiga magoti pale aliposikia gari likikata kona ya mtaa.

Lilikuwa jeupe. Lilisimama kwa Leokadia. Wale watu wanne walirudi kuchukua vifaa vya kupimia vya Gervasi, ambavyo mara ya kwanza walivisahau. Mwamba aliwapokea getini kwa mkia. Aliwatangulia chumba hadi chumba, na walipokwama, alikwaruza kwa kucha mlango wa stoo ambako Leokadia alikuwa amevificha chini ya magunia. Wakampigapiga kichwani, wakaondoka.

Jioni Leokadia alisimama kwenye ua wa miti uliotenganisha viwanja vyao vya nyuma, akamwambia Devota kwa sauti isiyo na kitu ndani yake, "Dada, mimi nimepewa mbwa wao. Nyinyi mmempata wapi wenu?"

Devota alipoingia ndani alimwambia mumewe kwamba Jabali aliwanusa wakiwa bado mbali, wakati wa kutosha mtu kuvaa viatu na kutoka kwa mlango wa nyuma. Anselimo akatazama mlango wa nyuma. Baada ya uwanja mdogo kulikuwa na ua, na baada ya ua lilianza shamba la miwa, lisilo na mwisho, mpaka miguuni mwa milima ya mpakani. Kwa mara ya kwanza tangu Gervasi achukuliwe, alikula akashiba.

*

Haikuchukua muda akaja Mkaguzi wa Ujasiri wa Mbwa. Kila mbwa wa taifa alipaswa kukaguliwa ujasiri wake, na mkaguzi huyu alikuwa mtu wa heshima, mwenye sauti ya padri na buti mpya. Jabali alikuwa chini ya kitanda kabla hajabisha hodi. Mkaguzi aliinama, akatazama, akaona makalio makubwa ya kijivu yakitetemeka.

"Huyu ndiye Jabali?"

"Ndiye, mheshimiwa."

"Kwa nini anajificha afisa wa serikali akija?"

Anselimo alisikia sauti ikitoka kinywani mwake, na hakuijua. "Mheshimiwa, mbwa huyu anaiheshimu serikali."

"Akiwa chini ya kitanda?"

"Hata sisi tungeingia, ila hapatoshi."

Mkaguzi alinyooka polepole. Alifikiri. Uso wake ukafunguka kwa furaha, kama mtu aliyepata mahali pa kuketi baada ya kusimama siku nzima. Alisema huo ndio uzalendo wa kweli, mbwa anayejua mamlaka, na kwamba lazima walio juu wasikie habari hii. Alikuwa keshavaa kofia aondoke wakati Koleta, ambaye hakutaka Jabali aonekane hana kazi, aliposema:

"Na wezi wakija pia anajificha. Walipokuja kwa Mama Leokadia alijificha hivyo hivyo."

Devota alimweka mtoto mkono begani. Mkaguzi akacheka, akamsifu Koleta kwa kuwa mtoto mwerevu, akaenda zake. Anselimo aliketi sakafuni pale pale, mgongo ukutani. Chini ya kitanda pumzi ya mbwa na yake zilikwenda pamoja.

*

Siku ya Mbwa na Mwananchi iliadhimishwa uwanjani, watu wamejaa mpaka kwenye nguzo za taa. Bendi ya Taifa ilipangwa nyuma ya jukwaa, na Anselimo alikuwa safu ya pili. Profesa Daktari Ngurumo alihutubia kwa muda mrefu. Alitangaza kwamba tangu mpango uanze, wizi umepungua, kwa sababu walioibwa hawajarudi kulalamika. Watu wakapiga makofi. Kisha akafungua karatasi nyingine, akavaa miwani.

"Nimeletewa habari ya mbwa wa mfano," alisema. "Mbwa wa mwanamuziki wetu mmoja hapa. Mbwa huyo, maafisa wa serikali wakikaribia, hutetemeka akajificha chini ya kitanda. Na wezi wakikaribia, hutetemeka akajificha chini ya kitanda hicho hicho. Wataalamu wangu wamethibitisha kwamba pua yake haijakosea hata siku moja."

Halafu, mahali fulani nyuma, mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kama cha mtu aliyepaliwa. Mwingine akafuata. Kikatambaa safu kwa safu, watu wakiziba midomo kwa mikono na kwa vitenge, mabega yakipanda na kushuka. Waziri alifurahi. Aliona kwamba hotuba imewaingia. Akairudia sentensi ile, polepole zaidi, akisisitiza neno "hicho hicho", na uwanja mzima ukalipuka.

Msaidizi wake akamsogelea, akamwambia kitu sikioni. Waziri akaacha kutabasamu. Hakuangalia umati. Aligeuza shingo yake nene nyuma, kwenye bendi, na macho yake yakaanza kutembea juu ya vyombo kimoja kimoja.

Kiongozi wa bendi, kwa hofu, akanyanyua fimbo waanze wimbo wa taifa. Anselimo akaweka tarumbeta mdomoni. Midomo ilikuwa mikavu kama karatasi. Akapuliza, ikatoka hewa tupu, na ile hewa, kati ya vyombo vyote vilivyolia, aliona kama ndiyo iliyosikika peke yake.

*

Alipofika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia. Devota alikuwa ameshafunga unga, kitenge, sweta la mtoto na picha moja ya mama yake.

"Tuondoke sasa hivi," Anselimo alisema.

"Kwenda wapi? Stendi wanauliza unakwenda wapi na kwa nini. Kwenye miwa nako wanapiga doria, hatujui saa gani wako upande gani." Akamwelekeza kidole Jabali, aliyekuwa amelala mlangoni akiota. "Anayejua walipo ni huyu. Wakija hapa, huko hawapo. Tutamngoja yeye."

Basi wakamngoja mbwa. Walikula wamevaa viatu. Walilala kwa zamu wamevaa viatu. Jabali akijikuna, wanasimama. Akipiga chafya, Anselimo anashika mzigo. Kulipokucha na mwanga ukaingia, mbwa alikuwa anapiga miayo, na wao macho yamewaiva.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka misa, wali uko mezani. Koleta alikuwa amenyoosha mkono kuchukua chumvi wakati alipohisi kitu kikimtetemekea mguuni. Akatazama chini ya meza.

"Mama, ameanza."

Jabali akawapita mbio kuelekea chumbani. Kitanda kikanyanyuka upande mmoja. Anselimo akamshika miguu ya nyuma akavuta, Devota akavuta. Ilikuwa kama kuvuta gunia lililomwagiwa saruji. Devota akasema wamwache. Anselimo akasema wakimwacha, huko kwenye miwa hawatakuwa na macho. Walikuwa wanabishana kwa kunong'ona, na jasho linawatoka, wakati Koleta alipolala kifudifudi akatambaa akaingia chini ya kitanda, mpaka wakaona soli za viatu vyake tu.

Walimsikia akiongea humo ndani, bila haraka.

"Hata mimi naogopa," alisema. "Twende tukaogopee kule."

Kitanda kikashuka. Mtoto alitoka kinyumenyume ameshika sikio la mbwa, na mbwa akamfuata, tumbo likiburuza sakafu.

Walipovuka uwanja wa nyuma, Leokadia alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. Aliwaona: mzigo, viatu, mtoto na lile jibwa. Mwamba naye aliwaona, akasimama, masikio mbele. Leokadia alimshika Mwamba kola kwa mikono miwili, akamburuza mpaka jikoni, akamfungia, akaegemeza mgongo wake mlangoni. Devota alisimama nusu dakika akimtazama. Leokadia akamwashiria kwa kidevu: nendeni.

Wakaingia kwenye miwa. Majani yaliwakata mikono na mashavu. Hawakufika mbali wakasikia milango ya gari, mingi safari hii, na buti kwenye saruji ya nyumba yao. Jabali akaanguka chini palepale, akajifanya kama ardhi. Nao wakalala pamoja naye, Koleta juu ya mgongo wake, wazazi huku na huku, wakimkandamiza asitoe mlio.

Kutoka nyumbani kukaja sauti za sahani. Mtu alikuwa anakula ule wali. Halafu ikalia tarumbeta. Mtu aliipuliza vibaya, kwa utani, kama ng'ombe anayekohoa, na wenzake wakacheka. Anselimo aliuma mkono wa shati lake. Tarumbeta ikalia tena, karibu zaidi, sasa iko uani nyuma, na buti zikaja mpaka ukingoni mwa miwa zikasimama. Kupitia mashina aliziona, zinang'aa, jozi mbili. Mmoja alisema kule ndani kuna nyoka. Mwenzake akakubali kwamba kweli kuna nyoka, na kwamba kwa vyovyote gazeti limeshaandikwa.

Ilikuwa kweli. Lilitoka kesho yake likieleza kwamba wezi wameiba familia nzima ya mwanamuziki wa taifa pamoja na mbwa wao, na Wizara ikawakumbusha wananchi kuchagua mbwa wakubwa zaidi.

Lakini hayo wao hawakuyasoma. Wao walikuwa wamelala kwenye miwa, hawasogei, hawasemi, kila mmoja ameweka kiganja kwenye manyoya ya kijivu. Buti ziliondoka, magari yakawaka, na bado mbwa alitetemeka, kwa hiyo wakabaki. Jua likazunguka upande wa milima. Chungu walipita juu ya mikono yao. Tetemeko likapungua, likarudi, likapungua tena, mpaka likabaki kwenye ncha ya sikio moja, ambalo Koleta alikuwa amelishika.

Kisha nalo likatulia. Jabali akanyanyua kichwa, akavuta hewa kwa muda mrefu, akasimama akajikung'uta. Nao wakasimama.